Ukilazimika kukimbia nyumbani, uende wapi?

Ndugu, umeuliza likitokea janga ukimbilie porini au kwa jamaa yako wa mbali, mi nakwambia porini achana nako kabisa. Kule maji utayatafuta mwenyewe, na binadamu bila maji siku 3 tu ni hatari, halafu ukivunjika mguu nani atakubeba? Nenda kwa mtu anayekujua, na umwambie leo leo kwamba mambo yakiharibika utabisha hodi kwake.

Ila kwanza angalia janga lenyewe, mafuriko unapanda juu, moto wa nyika usikimbilie kilimani maana moto unapanda mlima kwa kasi kuliko wewe, na kama nyumba iko salama ila barabara ndo imejaa maji basi baki hapohapo, maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima.

Chagua sehemu 2, pande tofauti. Alafu itembee hiyo njia kwa miguu na begi mgongoni na watoto wakiwepo, mi nilijaribu kilomita 8 nikidhani masaa mawili yanatosha, zikanila nusu siku na mkanda wa begi ukanichuna bega.