Maswali na majibu: baiti zinazoharibika njiani

Barua za mwezi huu, ingawa zimetoka pembe mbalimbali za Uganda, karibu zote zinagusa jambo moja: data isiyo maandishi, yaani picha, sauti na namba zilizofungwa katika baiti, na namna ya kuisoma na kuiandika katika programu za tovuti bila kuiharibu. Nimezifupisha na kuzijibu kwa zamu.

Mwalimu, programu yangu inachukua picha ya PNG kutoka kwenye seva kwa fetch, inaisoma kwa text(), kisha inaihifadhi. Faili linalopatikana ni kubwa kuliko la awali na halifunguki. Ukubwa huo unatoka wapi? (Msomaji wa Jinja)

Unatoka kwenye hiyo text() yenyewe. Ukiiita, unakiambia kivinjari kwamba baiti zinazoingia ni maandishi ya UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, nacho kinakuamini. Baiti ya kwanza ya kila faili la PNG ni 137, na katika UTF-8 baiti hiyo haiwezi kuanza herufi yoyote. Kivinjari kikikutana nayo huitupa na kuweka mahali pake alama ya kuulizia ndani ya almasi, ile inayoonekana kwenye kurasa zilizoharibika. Unapoyaandika maandishi hayo tena katika faili, alama hiyo moja huchukua baiti tatu, 239, 191 na 189. Picha ina maelfu ya baiti za namna hiyo, kwa hiyo faili linavimba huku maudhui yake yakiwa yamekwisha kupotea, wala hakuna hesabu ya kuyarudisha, kwa sababu baiti nyingi tofauti zimegeuzwa kuwa alama ileile.

Badala ya text(), tumia arrayBuffer() ukitaka kuzichungulia baiti zenyewe, au blob() ikiwa kazi yako ni kuihifadhi picha au kuionyesha tu. Ukikuta mahali fulani ushauri wa kutumia XMLHttpRequest pamoja na x-user-defined, uelewe kwamba huo ulikuwa ujanja wa zama ambazo JavaScript haikuwa na chombo cha kushikia baiti. ArrayBuffer na jamaa zake vilianzia katika kazi ya WebGL, iliyohitaji kupeleka namba nyingi kwenye kadi ya michoro, na mwaka 2015 vikaingizwa rasmi katika kanuni za lugha.

Tunachapisha kadi na mabango Nasser Road. Wateja wanapakia kazi zao kwenye tovuti yetu, lakini wengine hubadilisha jina la faili tu: hati ya Word inaitwa .pdf, na picha ndogo ya WhatsApp inaletwa ichapwe bango. Je, tunaweza kulitambua faili kabla halijapakiwa, ili mteja asimalize bando bure? (Msomaji wa Kampala)

Mnaweza, na ni kazi nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Jina la faili ni kama kibandiko kwenye gunia. Anayetaka kujua kilichomo hufungua mdomo wa gunia na kutia mkono. Aina nyingi za mafaili huanza na baiti zisizobadilika. PDF huanza na 37, 80, 68, 70, ambazo zikisomwa kama herufi ni %PDF. JPEG huanza na 255, 216, 255. Hati mpya za Word, zile za .docx, kwa kweli ni mafaili ya ZIP, kwa hiyo huanza na 80, 75, yaani herufi PK, ambazo ni za mwanzo za jina la Phil Katz aliyeubuni mfumo huo. Mteja anayeleta "PDF" inayoanza na PK amebadilisha jina tu, na mnaweza kumwambia hivyo papo hapo, kwa upole.

Msilisome faili zima. Faili alilochagua mteja lina slice(), ambayo hukata kipande bila kulipakia lote katika kumbukumbu ya simu: faili.slice(0, 24).arrayBuffer() hutoa baiti 24 za mwanzo, na kwa PNG hizo zinatosha hata kujua vipimo vya picha. Baiti nane za kwanza ni utambulisho wake: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Zinafuata nne za urefu wa sehemu ya kwanza, kisha nne za jina lake, IHDR. Upana wa picha unaanzia nafasi ya 16 na kimo nafasi ya 20, kila kimoja kikichukua baiti nne. Mkishaifunika bufa, yaani hizo baiti 24 mlizopewa, kwa new DataView(bufa), getUint32(16) inawapa upana na getUint32(20) inawapa kimo. Picha yenye upana wa nukta 1280, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, haizidi sentimita 11 hivi, na mteja anayetaka bango la mita mbili ni vyema aione hesabu hiyo kwenye skrini kabla hajalipa.

JPEG haina ukarimu huo, kwa kuwa vipimo vyake havikai mahali pamoja. Inabidi kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine mpaka muikute inayovibeba. Kwa hiyo ningewashauri mtumie createImageBitmap, ambayo huisoma picha na kuwapa upana na kimo. Na ukaguzi wa kwenye kivinjari usiwafanye muuache ule wa kwenye seva, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya anaweza kuipelekea seva faili bila kupitia ukurasa wenu kabisa.

Nimefuata maelezo ya kusoma upana wa PNG, lakini nimetumia Uint32Array badala ya DataView. Picha ina upana wa 1280, programu inasema 327,680. (Msomaji wa Mbale)

Hujakosea nafasi, umekosea mpangilio. Ndani ya faili, upana huo umeandikwa 0, 0, 5, 0. Anayeanza na baiti kubwa, yaani yenye uzito mkubwa katika namba kama mamia kabla ya mamoja, huhesabu 5 mara 256, akapata 1280. Anayeanza na ndogo huiona 5 hiyo ikiwa katika nafasi ya tatu, akaizidisha kwa 65,536, akapata 327,680 yako. Baiti ni zilezile. Mapatano ya kuzisoma ndiyo yanayotofautiana.

Sisi Waswahili tunaufahamu mvutano huu bila kuutambua. Tulichukua ishirini, thelathini na sitini kutoka Kiarabu, lakini hatukuchukua mpangilio wake: Mwarabu akitaja mwaka 1962 husema mbili kabla ya sitini, nasi tunasema sitini na mbili. Katika kompyuta, Danny Cohen ndiye aliyezipa kambi hizi mbili majina yake ya Kiingereza mwaka 1980, katika waraka uliowasihi wahandisi waache kugombana. Hawakuacha. PNG huanza na baiti kubwa. BMP na WAV huanza na ndogo.

Uint32Array hufuata mpangilio wa mashine inayoendesha programu, na karibu simu na kompyuta zote za leo huanza na ndogo. DataView haiangalii mashine. Huanza na kubwa daima, isipokuwa uipe true kama hoja ya pili, mfano getUint32(18, true) kwa upana wa BMP. Faida yake nyingine ni kwamba inakubali nafasi yoyote, ilhali Uint32Array hukataa kuanzia nafasi isiyogawanyika kwa nne, na hapo utapata kosa la RangeError linaloonekana halina maana. Kanuni yangu ni kutumia DataView kwa faili lolote lililotoka nje ya programu, na kuziacha safu kama Uint32Array kwa kazi za ndani.

Sako yetu (chama cha akiba na mikopo) inahifadhi michango katika faili la binari ili lisiwe kubwa. Mwanachama aliweka shilingi 100,000, ripoti ikaonyesha 34,464. Watu wameanza kumtazama mhazini vibaya. (Msomaji wa Mbarara)

Mwacheni mhazini. Aliyeiandika programu alitumia setUint16, yenye baiti mbili, na baiti mbili haziwezi kushika namba inayozidi 65,535. Inayozidi hukatwa 65,536 na kubaki na salio: 100,000 kutoa 65,536 ni 34,464 kamili. JavaScript haitoi onyo lolote, jambo ambalo kwangu ni udhaifu mkubwa wa vyombo hivi. Mnaotumia shilingi ya Uganda mnaufikia ukomo huo kwa mchango mmoja.

Uint32 inafika 4,294,967,295, ambayo inatosha kwa mchango wa mtu mmoja lakini huenda isitoshe kwa jumla ya sako kubwa, na tena haina hasi: toeni shilingi moja kwenye akaunti iliyo sifuri, mtamfanya mwanachama kuwa bilionea. Tumieni setBigInt64, inayopokea BigInt na kuzikubali hasi. Mafaili ya zamani hayatarekebishika kwa programu, kwa kuwa 34,464 inaweza kuwa ilikuwa 100,000 au 165,536. Rudini kwenye stakabadhi.

Seva yangu ya Node inatuma maneno ya Kiganda. Neno "eŋŋoma" linafika likiwa "eŋŋo". (Msomaji wa Masaka)

Umejaza Content-Length, inayomwambia mpokeaji idadi ya baiti zinazokuja, kwa kutumia length ya maandishi, inayohesabu herufi. Neno hilo lina herufi sita, lakini kila ŋ katika UTF-8 ni baiti mbili, 197 na 139, kwa hiyo lina baiti nane. Umeahidi sita, na mpokeaji amesoma sita akaondoka, akiiacha "ma" mlangoni. Tumia Buffer.byteLength(neno). Ukiona "Å‹" badala ya ŋ, hilo ni kosa jingine: mpokeaji anasoma kwa Windows-1252, nawe hukutaja charset=utf-8 katika Content-Type.

Je, ni vibaya kutuma picha ndani ya JSON kwa base64? (Msomaji wa Arua)

Si kosa, ila ni gharama. Kila baiti tatu huwa herufi nne, hivyo picha ya megabaiti tatu inasafiri ikiwa nne, na anayelipa ni mwenye bando. Kwa aikoni ndogo haidhuru. Kwa picha za kamera tumia FormData, inayotuma baiti zenyewe.

PHP yangu inatoa picha kutoka kwenye hifadhidata, kivinjari kinaonyesha picha iliyovunjika, lakini hakuna kosa lolote kwenye logi. (Msomaji wa Gulu)

Mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili kwa tatizo hili, katika kampuni moja niliyoifanyia kazi zamani, nikiilaumu hifadhidata isiyo na hatia. Ihifadhi picha hiyo iliyovunjika kama faili, kisha uendeshe juu yake xxd, amri inayoonyesha baiti kwa namba za msingi wa 16 (137 huandikwa 89), na utazame mstari wa kwanza. PNG nzima huanza na 8950 4e47. Langu lilianza na efbb bf89 504e: baiti tatu za alama ya UTF-8 ambazo kihariri changu kilizitia mwanzoni mwa faili la PHP, na ambazo PHP ilizituma kabla ya picha. Ukizikuta hizo, lihifadhi upya faili kwa UTF-8 isiyo na alama hiyo. Ukikuta 0a au 20 mwanzoni, ni mistari mitupu au nafasi, na mara nyingi hutoka mwishoni mwa faili lililoingizwa kwa include, baada ya tagi ya kufungia. Ifute tagi hiyo, kwani PHP haiihitaji.