Usiitupe protini yako, fuwele imeunguzwa na miale

Mdogo wangu wa Arusha, umeuliza kama uachane na protini hiyo, kwa kuwa picha ya kwanza ya eksirei ilitoa nukta hadi angstromu 1.8, ya mwisho ikaishia 3 (namba ikipanda, undani unapotea), na disulfidi (kifungo cha salfa mbili) uliyoitegemea haionekani kwenye ramani ya elektroni. Usiitupe. Fuwele ilikuwa nzima ulipoanza.

Yamenikuta. Nilikuwa nyumbani Moshi, Majengo, usiku wa manane, naongoza kwa intaneti sinkrotroni, mtambo wa kutoa eksirei kali, ulioko Ulaya. Picha ya kwanza ilinifurahisha mno, nikauacha mwale na nguvu zake zote nikazungusha nyuzi 360. Kwenye modeli nikakuta salfa mbili za sisteini zimeachana na asparteti kadhaa (zote ni asidi amino za protini) zimepoteza kaboksili, nikaamini kimeng'enya ndivyo kilivyo. Wiki tatu nilijenga hoja juu ya jeraha nililolisababisha mwenyewe, na fuwele zile zilichukua miezi minne kukua. Inaniuma mpaka leo.

Dozi, yaani nishati ya miale inayofyonzwa na fuwele, ichukulie kama dumu la lita 20 siku za mgao wa maji. Likiisha, limeisha. Mwaka 1990 mtafiti Henderson alikadiria kwamba kwenye dozi ya megagrei 20 fuwele iliyogandishwa hubaki na nusu ya nguvu ya nukta zake. Mwaka 2006 Owen, Rudiño-Piñera na Garman walipima wakashauri usivuke 30. Ila disulfidi na vituo vya metali huharibika mapema zaidi, nukta zikiwa bado nzuri machoni. Hapo ndipo tunapodanganyika.

Kuna aliyekushauri uipumzishe fuwele katikati ya kazi. Kwenye kelvini 100 (takriban nyuzi -173 za Selsiasi) haiponi. Baridi hukwamisha redikali nyingi (vipande vya molekuli vinavyoshambulia vingine), lakini elektroni huendelea kusafiri hadi kwenye salfa, na dozi hujumlishwa tu.

Kwa hiyo piga hesabu kwanza kwa RADDOSE-3D, programu ya kukadiria dozi, kisha ligawe dumu lako kwa nyuzi zote unazohitaji. Kama detekta ni ya pikseli, inayohesabu fotoni, usiogope picha hafifu: kata vipande vya nyuzi 0.1, punguza mwale, ukusanye mzunguko mzima. Picha moja moja zitakukatisha tamaa, zikijumlishwa zinasimama. Fuwele ikiwa ndefu, isogeze huku ikizunguka ili mwale usikae sehemu moja. Zikiwa ndogo, unganisha data za fuwele kadhaa.

Data ulizonazo, zichakate upya kwa picha za mwanzo pekee. Ulinganifu wa fuwele ukiwa mkubwa, hata nyuzi 90 zinaweza kutosha, na huenda disulfidi ikarudi kwenye ramani.

Niandikie hapa ukubwa wa fuwele, upana wa mwale, idadi ya fotoni kwa sekunde na bafa (myeyusho wa kudhibiti asidi) uliyotumia. Kama ni kakodileti, anza kwa kuiosha fuwele kwenye bafa nyingine kabla ya kuigandisha, maana arseniki iliyomo hufyonza miale kupita kiasi na kulimaliza dumu kabla hujafika nusu ya kazi.