Maswali yenu kuhusu karakana ya treni za abiria

Maswali ya zile treni za kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni yamekuwa mengi, hasa kuhusu kule zinakolala. Haya hapa machache, yaliyojirudia nimeyaunganisha.

Treni ikishashusha abiria wa mwisho usiku inafanywa nini?

Inapitishwa polepole kwenye mashine ya kuosha, wasafishaji wanaingia ndani, mafundi wanaangalia breki, milango, taa, honi na magurudumu. Ya dizeli inajazwa mafuta, na mchanga pia, ndio mchanga, maana reli ikiwa inateleza unamwagwa mbele ya gurudumu ili lishike. Wengi wanadhani kazi ngumu ni kufungua injini, kumbe adui mkubwa ni saa, treni ya mwisho inaingia usiku mnene na ya kwanza inatakiwa alfajiri, kwa hiyo usiku ni kazi ndogondogo tu na kazi nzito inasubiri treni itolewe kwenye ratiba kabisa. Marekani kwa mfano kichwa cha treni kinachotumika kinakaguliwa kila siku, halafu kuna ukaguzi mkubwa kila baada ya siku zisizozidi 92, vile vya kisasa vyenye kompyuta ya kujipima vinaruhusiwa hadi siku 184.

Behewa ninalopanda linagonga du-du-du mwendo mzima, ni reli mbovu?

Kama linagonga safari nzima na linaongeza kasi ya kugonga treni ikikimbia, na mabehewa mengine hayagongi, mara nyingi hiyo ni gurudumu. Breki ilishika gurudumu likaacha kuzunguka, likaburuzwa juu ya reli, chuma kikalika upande mmoja kikawa bapa. Inatokea sana reli ikiwa na unyevu au majani yaliyosagwa. Karakana nzuri ina mashine ya kukereza iliyochimbiwa chini ya sakafu, treni inasogezwa juu yake bila kung'oa gurudumu, linazungushwa na kunyolewa mpaka liwe duara tena. Ila ubapa mdogo tu upande mmoja unawalazimu kulinyoa na la pili kwenye ekseli hiyo hiyo ili yalingane, na kila ukinyoa umepunguza maisha ya gurudumu, chuma hakirudi. Ndio maana mimi nasema breki inayozuia kuburuzwa ikiharibika isingojee zamu nyingine.

Fundi akiwa chini ya treni, dereva akaiondoa je?

Haiondolewi kwa kuaminiana. Huko Marekani kinawekwa kibao au taa ya bluu, na ikishawekwa hakuna kusogeza chochote, na wanaoruhusiwa kuitoa ni kundi la mafundi lililoiweka tu, hata bosi wa zamu akiwa na haraka kiasi gani. Swichi ya njia, pale reli zinapogawanyika, nayo inageuzwa upande mwingine na kufungwa kufuli.

Uchafu wa chooni unaenda wapi?

Zamani ulidondoka relini moja kwa moja. Siku hizi treni nyingi zina tangi, linafyonzwa kwa pampu karakana. Tangi likijaa choo kinafungwa, msimlaumu kondakta.

Mbona vichwa vinanguruma usiku kucha wakati havina safari?

Vichwa vingi vya dizeli vinapozwa kwa maji yasiyo na dawa ya kuzuia kuganda, kwenye baridi kali ukizima vinapasuka. Ufumbuzi ni kuvichomeka umeme wa nje ukavipasha joto, majirani wakalala.

Za umeme hazina shida basi?

Zina zake. Caltrain, shirika la treni za abiria la California, ilianza treni za umeme 2024, wakati karakana yake ya San Jose ilifunguliwa 2007 enzi za dizeli. Kwenye za umeme vitu vingi viko juu ya paa, kwa hiyo fundi anahitaji jukwaa la juu, na waya wa volti 25,000 lazima uzimwe na uunganishwe na ardhi kabla hajapanda.

Kwa nini asubuhi nyingine treni inakuja fupi?

Behewa limekamatwa na kosa usiku, na la akiba nalo liko kwenye jeki. Hapo anayepanga treni anachagua kati ya treni fupi na safari kufutwa, na karibu kila mara atachagua fupi, na mimi ningefanya hivyo hivyo, japo najua mnabanana.