Andikeni historia ya shule ya kijiji chenu wazee wangali hai

Juzi msomaji mmoja wa upande wa Namtumbo, mkoani Ruvuma, aliniandikia. Mwezi wa tisa wana mahafali ya darasa la saba, na mwalimu mkuu amempa kazi ya kuandaa historia fupi ya shule ili isomwe ndani ya risala. "Kaka, nianzie wapi?" Nimeshamjibu, ila swali lake ni la wengi. Ninyi mnaonisoma hapa karibu wote mmetolewa na shule ya kijijini, na najua mngependa majina ya babu na bibi zenu yasomeke mahali.

Kwangu jambo hili bado linauma. Shule niliyosoma ilijengwa na wazazi wetu. Matofali walifyatua wenyewe kule mtoni, kina mama wakabeba maji kichwani, vijana wakakata nyasi za kuezekea. Mwalimu wa kwanza alikula mahindi ya wanakijiji, na shamba lake walimlimia kwa zamu. Miaka mingi baadaye wakaja watu wa mradi na bati na saruji, ukutani kikabandikwa kibao cha marumaru chenye jina la mgeni rasmi na mwaka wa uzinduzi. Anayepita leo anadhani shule ilizaliwa mwaka ule. Siku ya sherehe baba alikaa nyuma kabisa, na waliofyatua matofali pamoja naye walikaa hukohuko, wala hawakutajwa hata kwa salamu. Niliondoka pale nimeshaamua. Leo kijitabu chetu kipo, watoto wanakisoma darasani, na orodha ya wale wazee imetundikwa kando ya kile kibao. Hakuna cheti nilicho nacho ninachojivunia kama kazi ile.

Nimemwambia ndugu yangu wa Namtumbo aanze na wazee, ofisi baadaye. Na mzee usimwulize mwaka. Mwulize: Uhuru ulipokuja mlikuwa mnasomea chini ya mti au ndani ya jengo? Azimio la Arusha, Februari 1967, lilikukuta darasa la ngapi? Tulipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, shule ilihama nasi au ilibaki mahame? Vijana walipokwenda vita vya Kagera mwaka 1978, ni mwalimu gani aliyekuwa akifundisha? Mzee atakupa jibu lililonyooka, na mwaka utaupata mwenyewe. Mama mmoja alinieleza kuwa jengo letu la pili liliezekwa akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza. Tukatafuta cheti cha ubatizo cha mtoto huyo, tukaupata mwaka.

Wanawake waulizwe peke yao, wanaume wasiwepo. Wanaume watakusimulia vikao na wenyeviti. Wanawake watakusimulia kazi: nani alipika siku za msaragambo, yaani kazi za pamoja za kijiji, nani alijificha, mtoto gani wa kike aliondolewa shule akaolewe. Historia ya shule bila mambo hayo haijakamilika.

Ofisini nako utakwenda, kwa sababu daftari la usajili wa wanafunzi ni mali kubwa. Mimi niliambiwa "njoo kesho" mpaka nikakoma, na madaftari yalipotolewa mchwa walikuwa wameshayala nusu. Hiyo ndiyo sababu nasema wazee kwanza. Kwa wa Ruvuma, msisahau misheni. Peramiho ipo tangu 1898, na wamisionari walikuwa watu wa kuandika.

Tena nyinyi wa Ruvuma mna deni kuliko sisi wengine, maana kijiji cha Litowa ni cha kwenu. Mwaka 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU waliingia porini Songea kuanzisha kijiji hicho, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Chakula kiliwaishia, wakarudi makwao. Mwaka uliofuata wakaenda tena, safari hii wakakaa. Vijiji vingine vikafuata mfano wao, na mwaka 1963 kikaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho baadaye kilifikia vijiji 17. Litowa ikawa na shule ambayo wanakijiji waliiona kuwa yao hasa. Watoto wa vijiji wanachama walikuja kukaa pale. Shamba lilikuwa sehemu ya masomo, na wanafunzi walishiriki kupanga kazi zao wenyewe, si kuamrishwa tu na mwalimu mwenye fimbo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, mengi aliyoyataka kwa nchi nzima, Litowa walikuwa wameshaanza kuyatenda.

Halafu Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama kile, mali zake zikachukuliwa. Jambo lililojengwa kwa miaka karibu kumi likazimwa kwa uamuzi wa kikao cha mbali. Nikilifikiria nakasirika hadi leo, na sikuwahi hata kuishi huko.

Lakini tazameni: tunaijua Litowa kwa undani huu kwa sababu waliokuwepo waliandika. Mwalimu mkuu, Suleman Toroka, aliandika kuhusu shule yake ingali hai, hakungoja iwe kumbukumbu. Vijiji vingapi vilijenga shule kwa jasho lilelile na leo havina hata ukurasa mmoja? Tusiilaumu serikali kwa hili. Kalamu tunazo, simu za kurekodi tunazo, wazee wanakaa jirani. Tunachokosa ni kuinuka. Kijana anayeweza kutwa nzima kubishana mambo ya Simba na Yanga anaweza kumkalisha babu yake na kumwuliza nani alitoa kiwanja cha shule.

Kwa hiyo, ndugu yangu, risala ya mahafali iwe fupi, mgeni rasmi asichoke. Historia ndefu iandike pembeni, usomee kikao cha wazee kwanza wakusahihishe, hasa majina ya waliotoa ardhi, maana hapo ndipo ugomvi huanzia. Kisha toa nakala: moja kwa mwalimu mkuu, moja ofisi ya kijiji, moja parokiani au msikitini, na moja ibaki kwenye familia ya mtu asiyehamahama. Walimu huhamishwa, watendaji hubadilishwa, na nakala iliyo ofisini peke yake huenda na mwenye ofisi.