Gego lishang'olewa lakini maumivu yanapanda hadi sikioni

Dada mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi: "Assalaam aleikum dokta. Mume wangu ni fundi wa majahazi, aling'olewa gego la chini Jumatatu. Maumivu yalikua yashapoa, jana Alhamisi yakarudi kwa nguvu, yanapanda hadi sikioni na kinywa chanuka. Shangazi asema tumtilie mafuta ya karafuu kwenye tundu, jirani naye asema asukutue maji ya bahari. Tufanye nini kidonda kipone upesi na mfupa ujae, manake ataka kuweka jino la bandia?"

Waaleikum salaam dadangu. Mpe pole sana mzee, na tafadhali asiambiwe anadeka, haya maumivu ni makali kwelikweli.

Jino likitoka, lile tundu hujaa damu na damu inaganda. Lile donge ndio dawa yenyewe, hakuna dukani kitu cha kulishinda, manake ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu na ndani yake ndimo nyama mpya inapoota, alafu mfupa nao unajengeka humo humo. Sasa donge likitoka au likiyeyuka mapema mfupa unabaki wazi, chakula kinaingia, na siku ya pili mpaka ya nne ndio mtu anaanza kuumwa mpaka sikioni na harufu juu yake. Kwa maelezo yako nadhani ndio kilichompata, na magego ya chini ndio huathirika sana. Wengi hukimbilia antibayotiki, eti wanameza amoksilini iliyobaki ya mtoto, msifanye hivo. Hapo shida ni tundu lililo tupu, na antibayotiki peke yake hailijazi.

Arudi kwa daktari wa meno leo, asingoje Jumatatu. Atasafishwa tundu taratibu kwa maji ya chumvi ya hospitali alafu atatiliwa dawa ya kutuliza, mara nyingi afueni inaanza siku hiyo hiyo japo huenda akarudi kubadilishwa mara moja mbili. Hapo shangazi hajakosea sana, manake dawa nyingi tunazotia zina kile kiini cha karafuu, lakini sisi twatia kidogo na kwa kipimo. Mafuta yenyewe mkiyamimina juu ya mfupa ulio wazi yanaunguza nyama na kuchelewesha kupona. Maji ya bahari nayo hapana kabisa, mwajua wenyewe mitaro ya mji yaishia wapi. Chukua maji yaliyochemshwa yakiwa vuguvugu, glasi moja, chumvi nusu kijiko cha chai, asukutue polepole baada ya kula. Maumivu anywe parasetamo na ibuprofeni, hiyo ya pili iwe baada ya chakula na kama hana vidonda vya tumbo, shida ya figo wala pumu.

Nikuulize, avuta sigara? Ala mirungi au muguka, au tambuu? Sigara ndio mbaya kupita zote, inabana mishipa ya damu na ule uvutaji wenyewe waling'oa donge, na anayevuta hatari yake ni kama mara tatu ya asiyevuta. Hata dafu kwa mrija ni kosa lile lile, nimeona watu wanaenda kujipoza na dafu siku hiyo hiyo ya kung'oa, bora ulimimine kwenye kikombe unywe. Na akija kung'olewa jengine, aume ile pamba nusu saa bila kuichungulia, masaa 24 ya kwanza asisukutue wala asiteme teme mate, na kazi ya kubeba mbao aipumzishe siku mbili.

Kuhusu mfupa, hauharakishwi ila waweza kucheleweshwa. Ufizi hufunga kama wiki 3 au 4, mfupa laini huonekana wiki ya 4 mpaka ya 8, na kujaa vizuri ni miezi 3 mpaka 6. Ale samaki, mayai, maharage, mapera na machungwa, vilainishwe tu, ule mkate wa mofa usubiri kwanza. Tena apimwe sukari, hili nalisisitiza, watu wazima wengi wanatembea na kisukari bila kujua na kidonda cha kinywa ndio kinawafichua. Kama atumia dawa za kuyeyusha damu au za mifupa amwambie daktari, asiziache mwenyewe.

Jino la bandia lile la kuvua aweza kutengezewa la muda ufizi ukishafunga, lakini lile la kudumu nampa ushauri angoje miezi 3, manake mfupa wa pale hupungua upana karibu nusu ndani ya mwaka na sehemu kubwa ni hiyo miezi 3 ya mwanzo, akitengeza mapema litamlegea. Kama ataka lile la kupandikizwa kwenye mfupa aulize sasa hivi.

Akivimba chini ya taya, akapata homa, au akashindwa kumeza au kufungua mdomo, mpeleke hospitali usiku huo huo, musingoje asubuhi ndio mje kwangu Malindi.