TinyMCE: ngozi ni kitu kimoja, karatasi ni kingine

Mkuu, umesema kwenye TinyMCE, kile kihariri cha maandishi kinachopachikwa kwenye tovuti, umeweka skin: 'oxide-dark' (ngozi nyeusi), upauzana ukawa mweusi, lakini sehemu ya kuandikia imebaki nyeupe na CSS ya tovuti yako, yaani kanuni za mwonekano, haiigusi kabisa. CSS yako haina kosa, haifiki tu.

TinyMCE kwa kawaida huweka maandishi ndani ya iframe, yaani ukurasa mdogo kamili uliopachikwa ndani ya wako, wenye head na body zake. CSS ya nje haivuki mpaka huo. Skin inavalisha vitufe, menyu na fremu tu. Karatasi yenyewe, yaani sehemu ya kuandikia, inavalishwa na content_css (faili la CSS) au content_style (CSS unayoiandika moja kwa moja kwenye mipangilio). Ongeza content_css: 'dark' chini ya hiyo skin, utaona tofauti papo hapo.

Mimi nilijifunza hili nikitengeneza mfumo wa habari wa chama kimoja cha ushirika. Waandishi wao walilalamika kwamba kichwa cha habari kinakaa mstari mmoja wakati wa kuandika, kikishachapishwa kinakatika mistari mitatu. Malalamiko ya haki kabisa: mwandishi anastahili kuona kile msomaji atakachokiona. Nikaweka:

content_style: 'body { font-family: Lora, serif; font-size: 18px; max-width: 680px; margin: 24px auto; }'

Upana ukatii, fonti ya Lora ikagoma. Nilihangaika siku mbili. Kumbe @font-face, kanuni inayopakia fonti, ilikuwa kwenye ukurasa wa nje tu, iframe haina habari nayo. Nikaihamishia kwenye faili lake, nikaliita kwa content_css, Lora ikatokea. Ukibadili faili hilo usione kitu, kivinjari bado kimeshikilia la zamani, weka ?v=2 mwishoni mwa anwani yake.

Upauzana nao upunguze bila huruma. Wale waandishi niliwaachia 'undo redo | blocks | bold italic | bullist | link' pamoja na menubar: false. Rangi za herufi niliziondoa kabisa, maana habari moja ilikuwa ikitoka na nyekundu za aina tatu. Kama unafuata maelezo ya zamani, formatselect (menyu ya kuchagua aya au kichwa) ndiyo hiyo blocks tangu toleo la 6.

Ukihamia CKEditor 5, kihariri kingine cha aina hiyo, hakuna iframe: CSS yako inaingia yote, hata usiyoitaka. Huko mitindo ya maandishi ifungie chini ya .ck-content, na urefu uweke kwa min-height kwenye .ck-editor__editable.