Kameza shilingi mia, au ndivyo tunavyodhani?

*Assalamu alaykum bibi. Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane. Jumatatu baada ya laasiri nilikuwa uani nakuna nazi, nikamsikia ukumbini anakohoa na kupaliwa. Nilipofika mate yanamtoka tele. Dada yake wa miaka sita akanambia, "Mama, kameza shilingi mia." Mkwe wangu akamtia kidole kooni, hakikutoka kitu. Akamlisha ndizi mbivu mbili na boflo ili iteremke, mtoto akatulia. Leo siku ya nne nachambua choo chake, sijaiona. Anacheza, lakini chakula anachagua: uji anakunywa, wali anautema. Mkwe anasema sarafu hutoka yenyewe, kila mtoto wa hapa kishameza. Nimpeleke spitali au nisubiri?*
*Mama wa Watatu, Konde*

Waalaykumu salaam mwanangu. Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuisubirisha mpaka gazeti litoke. Namba ulikuwa umeiandika chini, nikakupigia pale pale, na jibu langu lilikuwa moja: mpeleke leo, akapigwe picha ya eksirei ya shingo, kifua na tumbo. Naliandika hapa kwa ruhusa yako, maana barua za namna hii napata nyingi, na karibu zote zinauliza kitoke vipi. Mimi huanza na jingine: ni kitu gani hasa, na nani alikiona?

Unakumbuka nilikuuliza hivyo kwenye simu. Ukanyamaza kidogo, kisha ukasema hakuna aliyeiona. Dada yake alisikia kitu kikigonga meno, akamwona mwenzake anakabwa, na juu ya meza palikuwa na chenji. Basi hiyo si habari, ni dhana ya mtoto wa miaka sita. Na mezani hapo hapo, ukanambia, palikuwa na tasbihi ya kidijitali ya mkweo, ile ya kuvaa kidoleni, mfuniko wake umelegea.

Ndipo nilipokwambia uvae baibui utoke.

Ndani ya tasbihi zile mna betri ya duara. Betri za aina hiyo zimo pia kwenye rimoti ya feni, funguo ya gari, mizani ya jikoni, kadi zinazoimba, viatu vya watoto vyenye taa na vichezeo vya Sikukuu tunavyowanunulia pale Tibirinzi. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile pana ya milimita 20, ya volti 3. Ukiiweka kiganjani gizani hutoitambua na sarafu. Ikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, haina haja ya kupasuka wala kuvuja. Mate yanailowesha, umeme wake mdogo unapita kwenye nyama ya koo, na pale inapogusa hutengenezeka maji makali kama ya magadi ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili nyama huanza kuungua, na betri iliyokwisha nguvu, ile tuliyoitoa kwenye rimoti tukaiacha dirishani, nayo huunguza.

Kina mama wa darasa langu la Wete walipokuwa hawaamini, niliwaonesha. Nilikata kipande chembamba cha nyama ya ng'ombe, nikakirashia maji ya chumvi, nikaweka betri mpya juu yake, ule upande mwembamba ukiwa chini. Tukaendelea na mazungumzo yetu ya chanjo. Kwanza palitoka vipovu vidogo pembeni mwa betri. Baada ya muda wa kama saa moja nikaibandua, na chini yake palikuwa na alama ya duara nyeusi, nyama imelainika kama iliyochemshwa. Hakuna aliyesema neno. Mmoja alikwenda zake nyumbani kabla darasa halijesha, akarudi na rimoti ya feni kaifunga utepe wa gundi mzunguko mzima.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Miaka mingi nyuma, kituo cha afya nilikokuwa nikifanya kazi ya unesi, alikuja mama Ijumaa jioni na mtoto wa miaka miwili. "Kameza sarafu." Mpiga picha kishaondoka. Mtoto alikuwa anapumua vizuri, nikamwambia mama arudi asubuhi. Asubuhi picha ikaonesha duara ndani ya duara, kama sahani na ukingo wake. Sarafu haina ukingo ule, betri ndiyo inao. Mtoto alipona, lakini koo lake lilifanya kovu likabana, na kwa miaka alikuwa akipelekwa Unguja kutanuliwa ili chakula kipite. Tangu siku hiyo, mtoto aliyemeza kitu cha duara ambacho hakuna mtu mzima aliyekiona kwa macho yake, kwangu mimi kameza betri mpaka picha iseme vinginevyo.

Sasa turudi kwa mkweo, na namwambia kwa heshima zote maana naye alikuwa anamwokoa mjukuu wake. Kidole kooni hapana. Kitu kilichokuwa kimeshikilia juu hukisukuma kikaziba njia ya pumzi. Ndizi na boflo hapana. Sarafu iliyokwama haisukumwi na boflo, chakula hulundikana juu yake, mtoto akitapika kinaingia mapafuni, na madaktari hawawezi kumpa dawa ya usingizi mara moja kwa kuwa tumbo limejaa. Msimtapishe, msimpe mafuta, wala haluli ya kumharisha.

Kitu kimoja tu kinaruhusiwa, nacho ni asali, kwa mtoto aliyetimiza mwaka, anayeweza kumeza, ikiwa mnashuku betri na hazijapita saa 12. Vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita. Asali huipaka betri na kupunguza ule ukali. Mpeni mkiwa njiani, ndani ya gari. Msikae nyumbani mkiitafuta asali kwa jirani! Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Mkweo ana haki kwa jambo moja: sarafu ikishafika tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe kwa choo ndani ya siku chache, pengine wiki mbili na zaidi. Lakini mpaka ifike. Mtoto anayetema wali na kukubali uji tu anakwambia kitu kimekaa juu. Angekuwa anakula kila kitu, na picha imeonesha sarafu iko tumboni, ningekwambia kaa naye nyumbani, mpe chakula chake cha kawaida, na umrudishe haraka ukiona anatapika, tumbo limevimba, ana homa au choo kina damu au kimekuwa cheusi.

Pini ya mtandio haisubiriwi. Sumaku nazo hazisubiriwi, hasa zikiwa mbili, kwa sababu huvutana zikiwa kwenye matumbo mawili tofauti na kuyatoboa katikati.

Ulinipigia usiku ule kutoka hospitali. Picha ilionesha duara moja jeupe, bila ukingo wa pili, limekaa juu kidogo kifuani. Wakamlaza, wakalitoa kwa dawa ya usingizi. Ilikuwa sarafu, alhamdulillahi, lakini si ya mia. Ilikuwa mia mbili, ile yenye simba.

---

*Bibi nesi, hujambo. Mtoto wetu wa miezi kumi alikabwa na kipande cha embe. Mama yake alimshika miguu akamning'iniza kichwa chini na kumtikisa, kikatoka. Tulifanya sawa? Tangu siku ile ana kikohozi.*
*Baba wa Bububu*

Sijambo mwanangu, na poleni kwa mtikisiko. Kilitoka, lakini msirudie. Mtoto anaweza kuwaponyoka, na ubongo wake hautaki kutikiswa.

Akiwa anakohoa kwa nguvu au analia kwa sauti, hewa inapita, mwacheni akohoe. Akinyamaza, mdomo umekuwa wa buluu na sauti haitoki, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umshike taya. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, mapigo ya maana. Hakijatoka, mgeuze chali, umkandamize mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Rudia hivyo hivyo mpaka kitoke. Aliyepita mwaka mmoja, badala ya kifua, simama au piga magoti nyuma yake, funga ngumi juu ya kitovu, uivute ndani na juu mara 5. Kidole usitie mdomoni ila ukikiona kitu wazi kabisa. Akizimia, mlaze sehemu ngumu, anza kumkandamiza kifua mara 30 na kumpulizia pumzi 2, na mwingine akimbilie gari.

Ubuyu, karanga na shokishoki viwekeni mbali naye mpaka atimize miaka mitano. Najua ubuyu ndio kitulizo cha watoto wetu wote, lakini mbegu yake ni ngumu, inateleza, na mtoto mdogo huifyonza huku anakimbia.

Hicho kikohozi ndicho kinachonitia wasiwasi. Kipande kingine huenda kiliteremka mapafuni. Mtoto huonekana kapoa, kisha baada ya siku anakoroma kifua upande mmoja, na watu wanampa dawa ya mafua. Mpeleke kesho asubuhi. Embe halionekani kwenye picha kama sarafu, kwa hiyo daktari asipoambiwa hatojua. Mwambie mwenyewe, ukianza na siku alipokabwa.